Nilirusha redio ya Baraka mtandaoni bila karatasi, aliyeumia ni dada yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Baraka, Fizi, Kivu Kusini. Kwa asiyejua, ni upande wa pili wa ziwa ukiwa Kigoma.

Ninachoandika hapa ni kweli mwanzo mwisho. Anayetafuta chai aende uzi mwingine, mimi hata majani sina. Majina nimebadilisha, na redio yenyewe nitaiita Redio tu, maana bado naishi mtaa mmoja na hawa watu na bado nataka kusalimiwa.

Kiswahili changu kisiwashangaze. Nimekulia kambini Kigoma na shule nimesomea huko. Ila watu wa huku wakiongea nitawaandika kama wanavyoongea wenyewe, mtaelewa tu.

Habari yenyewe ni ya redio, karatasi, na dada yangu Riziki. Karatasi nitazilaani sana humu ndani. Nivumilieni, mwisho nitakiri kitu.

Haya.

Tulirudi Kongo kutoka kambini mimi, Mama na wadogo zangu wawili. Riziki, mkubwa wetu, hakurudi. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya wanaopelekwa ng'ambo, akapelekwa mji mmoja wa baridi Ulaya ya kaskazini. Mimi namwita Yaya Riziki. Huku kwetu yaya ni dada mkubwa, sio mfanyakazi wa ndani, msianze.

Kule anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Kutwa nzima anakunja mashuka. Lugha yao anaijua ya kuombea chumvi na kuagia, basi.

Mimi hapa nina kibanda karibu na soko. Natengeneza simu, nachaji za watu kwa sola, na Redio naiacha inaongea toka asubuhi kama kila mtu wa mtaa huu.

Siku moja Yaya Riziki kapiga, tunaongea, nikataka kupunguza sauti ya Redio ili tusikilizane. Akanikatiza.

"Usizime, Wilo. Na usiongee. Acha nisikie."

Wakuu, lilikuwa tangazo la mbuzi. Mtu wa Nundu kapotelewa na mbuzi jike mwenye sikio lililochanika, anaomba atakayemwona amrudishe. Dada yangu alisikiliza tangazo zima mpaka jina la kijiji, halafu akaanza kulia. Mtu mzima, analia kwa ajili ya mbuzi wa watu.

Hapo ndipo wazo lilipoingia.

Kitu chenyewe ni rahisi mpaka inatia aibu. Redio ndogo ya mkononi, waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni mpaka kwenye laptop, tovuti ya bure ya kurusha sauti, unapata link, unaituma WhatsApp. Kwisha. Nilifunga waya wa antena juu ya mwanzi nyuma ya kibanda. Laptop ilikuwa na kioo kilichopasuka, hakuna mteja aliyewahi kuja kuichukua.

Nikamtumia Yaya link. Kesho yake akaniambia kakunja mashuka siku nzima akisikiliza Baraka kwa sikio moja, lingine kaliacha wazi kwa ajili ya bosi. Akasikia jogoo nyuma ya mtangazaji. Akaniuliza huyo jogoo ni wa nani.

Link haikukaa kwake peke yake. Ilienda Lusaka, ikaenda Nairobi, ikarudi kambini Kigoma, ikafika Australia. Watu nisiowajua wananiandikia, "ndugu, boti ya Kazimia iliyotangazwa leo ni ya nani?" Mtu yuko Australia! Boti ya Kazimia inamhusu nini? Lakini inamhusu, nimekuja kuelewa.

Sasa mtaniuliza, na mko sahihi kuuliza, ruhusa ulipata wapi?

Hapa ndipo ujinga wetu wa huku unapoanza, na mimi ndiye mwenyekiti wake.

Redio yetu ni ya jamii. Mnara tuliuinua wenyewe, nakumbuka wamama walivyobeba mchanga kichwani. Kwaya zote zimerekodi pale, bure. Kwa hiyo hakuna mtu Baraka anayewaza kwamba Redio ina mwenyewe wa kuombwa. Ni kama kuomba ruhusa ya kupita barabarani.

Hata hivyo mimi nilijiona mstaarabu, nikaenda kumwuliza Ebengo. Ebengo ni fundi wa pale, pia ndiye anayesoma matangazo ya mchana. Nilimkuta anakula mhogo mlangoni.

"Ebengo, naweka Redio kwa internet, batu ba mbali basikie. Hakuna shida?"

"Shida gani? We weka tu. Radio iko ya batu bote."

Hiyo ndiyo ilikuwa autorisation yangu, yaani ruhusa, wakuu. Mdomo umejaa mhogo.

Na si hivyo tu. Baada ya wiki chache watangazaji wenyewe wakaanza kusema hewani, "tunasalimia na wale bote wanatusikia kwa internet, huko Ulaya na Amerika." Mkurugenzi wa Redio, ambaye kila mtu anamwita Papa Directeur, akanipa mkono kanisani mbele za watu. Kuna karatasi gani inazidi hapo? Nikalala usingizi.

Miezi ikapita. Halafu barua ikaja.

Niwaeleze kidogo. Jioni Redio yetu inapokea habari kutoka redio moja kubwa ya nje kwa dishi la satelaiti na kuzirusha hapa. Dishi na mashine yake wametupa wao. Kuna mkataba. Mkataba ule unasema, na hili nimekuja kulijua baadaye sana, kwamba habari zao zirushwe kwa FM tu, kwa eneo letu tu. Mtandaoni wana njia zao wenyewe.

Huko kwao kuna mtu kazi yake ni kuzunguka mtandaoni akitafuta watu kama mimi. Alinipata.

Papa Directeur aliniita ofisini. Barua iko mezani, kwa Kifaransa, ina nembo. Kavaa miwani, na akivaa miwani ujue hakuna utani.

"Wilondja, nani alikupeaka ruhusa ya kutupa radio yangu kwa internet?"

Radio yangu. Jana ilikuwa ya watu wote, leo imekuwa yake.

Nikamwambia, "Papa Directeur, si mulinisalimia hata kanisani ju ya hii kazi?"

"Kukusalimia njo kusinya? Njo kusinya, eh?" Kusinya ni kuweka saini, njo ni ndiyo, na kutosha mtakayosikia sasa hivi ni kuondoa. "Banasema siku makumi tatu. Kama haijazimwa, banakuja kutosha dishi. Na bakitosha dishi, mi nitasema jina yako hewani, kila mutu asikie njo nani aliua habari ya jioni."

Sasa nielewe vipi? Nikamwuliza kama anataka nizime yote, au habari za jioni tu. Akasema hajui, barua haielezi vizuri, nitafute mwenyewe karatasi ya serikali inayoruhusu, nikiipata tutaongea.

Wakuu, mimi na hiyo karatasi!

Nilipanda pikipiki mpaka Fizi yenyewe, yaliko makao ya wilaya, juu mlimani. Ofisini kuna bwana mpole kabisa, kanisikiliza, akasema mambo ya redio ni ya Uvira. Barabara ya Uvira mnaisikia. Ilikuwa mvua, daraja moja lilikuwa limeondoka, tukabebwa mgongoni na vijana kuvuka maji. Uvira ofisi ya kwanza ikasema hilo si redio, hilo ni intaneti, nenda kwa watu wa simu. Watu wa simu wakasema hilo si simu, hilo ni redio. Niliwaambia hapo hapo, basi kama si redio na si simu, ni nini? Ni samaki? Mama mmoja wa ofisini akacheka, akaniandikia namba ya mtu wa Bukavu. Yule wa Bukavu akasema ni Kinshasa. Kinshasa haikupokea simu.

Nilirudi Baraka siku ya tatu, viatu vimeiva kwa tope. Nilikuwa nimechoka mpaka basi.

Nikiwa bado nakwangua tope, akaja kiongozi wa kwaya moja kubwa. Kasikia. Mji huu kusikia si kazi.

"Wilo, banasema nyimbo zetu ziko naimbwa Amerika kila siku na weye njo uko unakula."

"Nakula nini, Papa? Angalia hii laptop."

"Batu ba internet banakulaka. Tunajua."

Wanajua! Mimi nalipia data mwenyewe, sola yangu inaungua, kioo kimepasuka, na ninaambiwa nakula. Nilimpa kiti, nikamwonyesha kila kitu. Akaondoka akitikisa kichwa, kama mtu aliyeona mwizi anayejua kuficha vizuri.

Ndipo nikaenda kwa Maître Salima. Huyu ni mwanasheria, ana chumba kidogo nyuma ya duka la saruji. Ni mtu pekee katika uzi huu mzima aliyenijibu swali nililomwuliza, mumwombee.

Aliniuliza kwanza, "Kwa hii radio yako munapitisha kitu gani? Niambie toka asubuhi."

Nikamhesabia. Watangazaji, kwaya, mpira, matangazo, habari za nje.

Akanieleza taratibu. Sauti ya Redio yenyewe, vipindi inavyotengeneza, hiyo Redio inaweza kunipa, lakini kwa maandishi na saini, sio kwa mkono wa kanisani. Habari za nje Redio yenyewe imeazimwa, na kitu cha kuazimwa haiwezi kuniazima mimi tena. Nyimbo zina waliozitunga, na kurekodia pale bure hakumaanishi wamezigawa. Na leseni ya FM ni ya masafa ya hapa, haijasema chochote juu ya dunia nzima, kwa hiyo lazima ofisi husika ijulishwe kwa barua hata kama haijibu.

Halafu akasema, "Na communiqué? Nani alikupeaka?"

Communiqué ni hayo matangazo. Mbuzi, mikutano, vifo. Nikacheka. Nikamwambia, Maître, tangazo si mtu mwenyewe kaleta litangazwe? Anataka lisikike. Nikilisikizisha zaidi nimemkosea nini?

"Analetaka basikie batu ba hapa," akasema. "Hakusema dunia nzima. Wilo, zima kwanza. Karatasi tutatafuta kisha."

Zima kwanza.

Wakuu, andikeni hayo maneno mawili mahali, maana mimi sikuyaandika.

Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimebebwa mgongoni kama gunia mpaka Uvira, nimeitwa mwizi na kwaya, na sasa nizime? Barua imesema siku thelathini. Nikasema moyoni, thelathini ni thelathini, nitakula zote mpaka ya mwisho. Habari za jioni nikawa nachomoa waya, hiyo nilifanya. Mengine yote nikaacha yaende.

Sasa naomba mnisome polepole hapa. Mimi mwenyewe naandika polepole.

Mama yangu alikuwa na presha ya siku nyingi. Asubuhi moja, ndani ya hizo siku thelathini, mdogo wangu alikuja kunigongea. Nilifika nyumbani wamama wa jirani wameshaanza kulia. Alikuwa ameamka, kasali, kakaa kitandani kufunga kitambaa chake, basi.

Huku kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Haifanyiki. Unamtafuta mtu wa kwetu aliye karibu naye huko, mtu mzima, unampa habari yeye. Yeye anachukua wamama wawili, wanaenda nyumbani kwa mfiwa, wanakaa. Wanaongea mengine kwanza. Anakuwa na watu mbele na nyuma, mikono ya kumshika ipo tayari, ndipo anaambiwa. Hata kama itachukua siku mbili, anasubiriwa.

Nilifanya hivyo. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nilimpigia Papa Asukulu, mzee wa kanisa katika mji ule wa Yaya. Akalia kidogo, akasema, "Usimuambie kitu. Nitatoka kazi saa tisa, nitabeba bamama, tutaenda kwake." Nikawakusanya ndugu wote, nikawaambia hakuna kumpigia Yaya Riziki, hakuna kuweka picha ya Mama kwenye status, hakuna hata kuandika "pumzika". Yaya alipiga mara mbili asubuhi ile, kwa salamu zake tu za kila siku. Sikupokea. Niliogopa sauti yangu.

Tulifunga kila mlango, wakuu. Kila mlango.

Halafu nikachukua kalamu. Tuna mashangazi Lulimba huko machimboni ambako simu inashika ukipanda kilima, tuna wajomba Kazimia, tuna ndugu Nundu. Mazishi kesho. Watajuaje? Kwa Redio, ndivyo wanavyojua watu wote. Nikaandika communiqué kwa mkono wangu, nikaipeleka mwenyewe. Ebengo alinikumbatia mlangoni pale pale alipokuwa anakula mhogo siku ile. Akasema ataisoma mara tatu, vizuri.

Saa sita na nusu mchana akaisoma. Nilikuwa nyumbani kwenye kilio, kuna redio ya jirani chini ya turubai, tulinyamaza wote tukasikiliza.

"Jamaa ya marehemu Mama Riziki wa Baraka inajulisha bandugu bote ba Lulimba, Kazimia na Nundu kifo cha mama yao mupendwa. Ameacha batoto bane. Riziki aliye Ulaya, Wilondja..."

Nilisikia jina la dada yangu na bado sikuelewa. Naapa. Nilikuwa nafikiria turubai, kama litatosha watu.

Kibanda changu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Ndani laptop inawaka. Jua kali, sola inatoa umeme wa kutosha. Ile stream ilikuwa inakatika kila siku, wakuu, kila siku! Mara data, mara waya, mara panya. Watu wananitukana, "Wilo, imekatika tena." Siku ile haikukatika hata sekunde moja. Mara tatu imesomwa, mara tatu imefika.

Huko kwake ilikuwa mchana pia. Yuko kati ya mashine za kufulia, anakunja mashuka, sikio moja lina Baraka.

Simu yangu ikaita. Ni yeye. Nikaona jina, ndipo nikakumbuka laptop. Nikakaa chini kwenye vumbi na suruali ya msiba.

Nilipokea. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Wilo. Mbona haupokee simu?"

"Yaya..."

"Mi niko nasikia jina yangu kwa radio. Niko nasema, kumbe banatuma salamu kwangu. Nimefurahi, Wilo. Nimefurahi kwanza."

Nikaziba sikio la pili, wamama wanalia nyuma yangu.

"Kwa radio yako," akasema. "Kwa ile radio yako."

Akakata.

Nimesimuliwa baadaye na Papa Asukulu. Alikaa sakafuni kati ya mashine. Wenzake walidhani kaumia mkono, wakawa wanatafuta damu. Hakuweza kuwaeleza, lile neno la kifo kwa lugha yao lilimpotea. Mama mmoja wa kizungu akampa maji, akamfunika shuka lililotoka kukauka, la moto bado. Alikaa hivyo kwa zaidi ya saa tatu, peke yake na watu wasiojua jina la mama yake, mpaka wa kwetu walipomfuata pale kazini.

Tulizika. Sikumbuki mengi. Jioni ya mazishi nilienda kibandani nikachomoa waya. Kulikuwa na ujumbe zaidi ya hamsini, pole, pole, pole, kutoka kila nchi. Dunia nzima ilikuwa kwenye msiba wetu, isipokuwa yule mmoja tuliyetaka afikiwe polepole.

Yaya Riziki aliongea na wadogo zangu. Aliongea na mashangazi. Mimi, kimya. Miezi na miezi. Nikipiga haitikii, nikiandika zinaonekana zimesomwa, basi. Nilikuwa mtoto wake wa mgongoni mimi, kambini ndiye aliyekuwa ananipangia foleni ya maji.

Nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia Ebengo kwa kusoma vizuri. Nilimkasirikia Papa Directeur, yule wa Uvira, yule wa Kinshasa asiyepokea. Ilinichukua muda mrefu kufika kwa mtu mwenyewe, yule aliyeambiwa zima kwanza.

Huku watu wa nje wakaanza kelele, rudisha Redio, rudisha Redio. Nikawa siwajibu.

Aliyenifuata ni Maître Salima. Alikuja na karatasi mbili kakunja ndani ya kanga. Akasema, "Sasa tuandike, ju sasa unajua kitu gani ya kuandika."

Tukaandika makubaliano kati yangu na Redio. Habari za nje hazipiti kabisa. Nyimbo ni za kwaya zilizotia saini tu, na yule kiongozi aliyeniita mwizi ametia saini wa kwanza, baada ya kunihoji upya kama sikuli. Barua ya kujulisha imeenda ofisi zote zilizonizungusha, nina nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Papa Directeur alisaini siku hiyo hiyo, akavaa miwani kabisa. Mhuri wa Redio ndio uliotusumbua wiki mbili, maana anayeutunza alienda Lulimba nao mfukoni. Mfukoni! Mhuri wa redio nzima!

Na mstari wa mwisho, niliuandika mwenyewe: matangazo ya mchana hayatoki nje ya FM, hata moja.

Nikaupiga picha ukurasa ule nikamtumia Yaya Riziki. Sikuandika neno. Baada ya siku tatu akajibu, mara ya kwanza toka ile simu.

"Saa sita na nusu mpaka saa saba. Usisahau."

Sasa sikilizeni kichekesho cha mwisho, kama mnaweza kukiita hivyo.

Mwanzoni nilijifanya mjanja. Nikawa nasikiliza, likija tangazo la kifo nachomoa waya, likipita narudisha. Mbuzi na boti naacha, nikijidanganya kwamba hizo hazina ubaya. Haikuisha wiki, watu wa nje wakashtukia. Redio ikinyamaza mchana, wanajua. Mwanaume mmoja wa Lusaka alipiga simu nyumba nne hapa Baraka kwa sababu ya kimya cha dakika saba. "Nani amekufa? Ni kwetu?" Yaani ukimya wangu ndio ukawa tangazo, tena baya zaidi, maana halina jina.

Kwa hiyo sasa nachomoa kila siku. Kufe mtu, kusife mtu. Saa sita na nusu natoa waya, saa saba kamili narudisha, nusu saa nzima nimekaa nao mkononi. Wateja wananiona kichaa. Maître anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeheshimu mkataba.

Nilichojifunza, kwa wale wenye ndoto ya kurusha redio ya kwenu mtandaoni. Kupewa mkono si ruhusa. Kusalimiwa hewani si ruhusa. Fundi mwenye mhogo mdomoni si ruhusa. Tafuteni saini kabla ya waya. Na ile karatasi mnayoilaani, mimi nimeilaani kuliko nyinyi wote, kuna mahali inauliza swali ambalo nyinyi hamkuuliza: hii sauti itamfikia nani, na atakuwa na nani pembeni?

Ningejibu hilo swali mapema, Mama angekufa vile vile. Dada yangu asingeambiwa na mimi kwa njia ile.

Wanasheria wa jukwaa nina swali la kweli. Ule wimbo unaopigwa chini chini mtangazaji akiwa anaongea, nao unahitaji saini? Maître anasema ndiyo, Ebengo anasema "huo si wimbo, huo ni mapambo". Na waliowahi kurusha redio za kwao mkiwa Kigoma, Mwanza au Bujumbura, mlifanyaje na matangazo ya vifo? Wekeni hapa, hata matusi nitasoma.

Ila mnisamehe nikichelewa kujibu, sasa hivi imekaribia saa saba, waya uko mkononi.

Nikiurudisha tu, kuna mtu anapiga simu, mashine za kufulia zinanguruma nyuma yake. Kila siku. Hajawahi kuuliza kama kuna aliyekufa, ananiuliza kama nimekula. Na mimi napokea kabla haijaita mara ya pili.